Mbwa wavunja mifupa hawakuwa "fisi wa Marekani"

Mchukue mtu yeyote aliyekulia karibu na Serengeti, au hata kule vijijini Dodoma ambako usiku fisi anasikika kama jirani, muwekee mezani fuvu la Borophagus: taya fupi nene, paji la uso limebinuka juu kama kichuguu, meno ya pembeni yamesimama kama vichwa vya mchi. Atakujibu kabla hujamaliza kuuliza, fisi huyo. Na wala usimcheke, maana Edward Drinker Cope, Mmarekani aliyewapa majina wanyama wa kale zaidi ya 1,000, alipoletewa kipande cha taya kutoka Texas mwaka 1892 na yeye alisema hivohivo, kwamba Marekani amepatikana fisi, akambandika jina la Borophagus ambalo kwa Kigiriki ni kama kusema mlaji mlafi.

Kumbe mbwa. Mbwa kabisa, wa ukoo mmoja na huyo anayelala mlangoni kwako.

Sasa ugomvi wangu ni huu: tangu Cope imepita miaka zaidi ya 130, mbwa keshajulikana ni mbwa, lakini stori yake bado inasimuliwa kifisi-fisi. Kila anayeandika juu ya hawa mbwa wavunja mifupa lazima aweke mahali lile jina la utani, "fisi wa Marekani", alafu anaendelea kama vile kashaeleza. Hajaeleza kitu. Ukishamwita hivo umejibu maswali mawili ambayo hata hujayauliza, kwamba alikuwa mla mizoga, na kwamba alikuwa kopi ya mnyama mwingine. Yote mawili nayakataa. Na kuna la tatu huwa linafuata nyuma kama mkia, kwamba alitoweka kwa sababu walikuja wanyama bora kuliko yeye wakamshinda, hilo nalo nalikataa, ingawa hapo kuna watu wenye data nzito wananipinga, tutafika.

Kwanza undugu, maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Fisi sio mbwa na hajawahi kuwa mbwa. Fisi anakaa upande wa paka, ndugu zake wa karibu ni nguchiro na fungo, na upande huo na upande wa mbwa waliachana zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita. Mbwa wao walianzia Amerika Kaskazini, huko huko wakakaa miaka na miaka bila kutoka, na ukoo wao ulikuwa na milango mitatu. Wa kwanza ni Hesperocyoninae, wakongwe, walianza kama milioni 40 iliyopita wakaisha kama milioni 15 iliyopita. Wa pili ndo hawa wetu, Borophaginae, walianza kama milioni 34 iliyopita na wa mwisho wao alitoweka juzi juzi tu kama milioni 2 iliyopita. Wa tatu ni Caninae, na huo ndo mlango pekee uliobaki duniani: bweha, mbweha, mbwa mwitu wa aina zote, mbwa koko, mbwa wa kizungu anayevalishwa sweta, wote wametoka nyumba moja. Kwahiyo unapomwangalia mbwa leo unaangalia theluthi ya ukoo, theluthi mbili ziko kwenye mawe.

(Niweke sawa jambo la lugha kabla hatujachanganyana. Kiswahili tunasema mbwa mwitu kwa yule wetu mwenye mabaka na masikio ya duara, na tunasema mbwa mwitu pia kwa yule wa kijivu wa nchi za baridi. Ni wanyama wawili tofauti. Nikisema wa kijivu mjue ni wa huko, nikisema wetu mjue ni wetu.)

Na hao Borophaginae hawakuanza na kuvunja mifupa. Hili ndo jambo linalonifurahisha kuliko yote. Wa mwanzo, kina Archaeocyon, walikuwa vijimbwa vidogo kuliko mbweha. Kuna Otarocyon ambaye sehemu ya sikio kwenye fuvu lake imevimba kama ya wale mbweha wadogo wa jangwani wenye masikio makubwa. Kuna Phlaocyon na Cynarctus ambao magego yao yaligeuka ya kusaga, walikuwa wanakula kila kitu, matunda, wadudu, nyama ikipatikana, na mmoja wa hao, Cynarctus wangi aliyepewa jina 2016, alipatikana pwani ya Maryland, ana umri wa kama miaka milioni 12 na saizi ya koyoti, yule kama bweha wa Marekani, na ukiangalia meno yake utadhani dubu mdogo. Mwaka 1999 Xiaoming Wang, Richard Tedford na Beryl Taylor wa makumbusho ya historia ya asili ya New York walitoa kazi kubwa iliyopanga mlango mzima, wakahesabu spishi zaidi ya 60. Zaidi ya sitini! Wavunja mifupa wenyewe ni kikundi tu cha mwishoni, kwahiyo kuuita mlango mzima "mbwa wavunja mifupa" ni kama kuwaita watu wote wa Kilwa wavuvi.

Nyuma ya kazi hiyo kuna kitu kidogo lazima nikitaje. Visukuku vingi walivyotumia vilikusanywa na wafanyakazi wa Childs Frick, mtoto wa tajiri wa chuma, aliyeamua kutumia pesa za baba yake kulipa watu wazunguke magharibi ya Marekani miaka nenda rudi wakichimba mifupa ya wanyama. Mifupa ikajaa makabati. Vizazi vikapita kabla mtu hajakaa chini kuisoma yote vizuri. Nawaza tungekuwa na tajiri mmoja tu wa namna hiyo upande wetu, mmoja tu, badala ya wa kununua magari, lakini tuendelee.

Walipataje nafasi ya kuwa wakubwa? Hapa paka wanaingia, au tuseme hawaingii. Amerika Kaskazini ilikuwa na wanyama wanaofanana na paka, wale wa meno marefu ambao si paka halisi, wakatoweka kama miaka milioni 26 iliyopita, na paka wa kweli hawakufika kutoka Asia mpaka kama milioni 18.5 iliyopita. Katikati pale miaka milioni saba na zaidi bara zima halina paka wala cha kufanana na paka, wataalamu wanaliita pengo la paka. Dubu-mbwa, wala nyama wa kale wa ukoo mwingine ambao wametoweka, walikuwepo, ndio, lakini kiti cha mla nyama tupu kilikuwa kinamsubiri mtu. Mbwa wakakikalia. Wataalamu wanasema kama miaka milioni 22 iliyopita ukoo wa mbwa pale Amerika Kaskazini ulikuwa na spishi zaidi ya 30 kwa wakati mmoja, leo bara hilohilo lina tisa. Yaani mbwa walikuwa wanafanya kazi za mbweha, za kicheche, za dubu mdogo, na wengine wakaanza kufanya kazi ya chui.

Alafu saizi ikapanda, na saizi ikipanda ina sheria zake. Kuna hesabu ya Chris Carbone na wenzake ya mwaka 1999 ambayo mimi naipenda kwa sababu haina maneno mengi: mla nyama akiwa chini ya kilo 21 hivi anaweza kuishi kwa panya na panzi, akivuka hapo panya hawatoshi, nguvu anayotumia kuwatafuta inazidi anachopata, inabidi aue wanyama wakubwa, wa saizi yake au kumzidi. Kwahiyo mbwa aliyekua hana hiari. Na Borophaginae walikua kweli kweli, Aelurodon akafika saizi ya mbwa mwitu wa kijivu na zaidi, na Epicyon haydeni, ambaye Joseph Leidy alimpa jina mwaka 1858 kwa mabaki ya kutoka Nebraska, ndo mbwa mkubwa kuliko wote waliowahi kujulikana, makadirio ya mkubwa wao kabisa yanafika kilo 170. Huyo ni simba jike mnene. Mbwa wa saizi ya simba jike, mwenye kichwa kizito na taya la kuvunja paja la farasi, na watu wanataka tuamini alikuwa anazungukazunguka kutafuta mabaki ya wengine.

Sasa meno, maana ugomvi wote uko kwenye meno.

Fisi anavunjia mfupa mbele. Anatumia gego la tatu la mbele, lile lililokaa kama koni, na nyuma yake kuna jino la kukatia nyama ambalo yeye halitumii sana kwa mfupa, analitunza liwe kali kama kisu cha bucha. Kazi zimegawanywa, nyundo huku kisu kule, na magego ya nyuma kabisa fisi ameyatupa karibu yote. Borophagus hakufanya hivo. Yeye mfupa anaupeleka nyuma zaidi, kwenye gego la nne la chini ambalo limevimba kupita kiasi na lile jino la kukatia la juu, karibu na bawaba ya taya. Kama umewahi kutumia plaizi unajua kwa nini, kitu kigumu hukiweki kwenye ncha, unakisogeza ndani karibu na kiungo ndo nguvu inakuwa nyingi. Na nyuma ya hapo bado ana magego yake ya kusagia, hakuyatupa, kwa sababu ni mbwa na mbwa haachi magego. Yaani walitoka pande mbili tofauti, wakaletewa kazi moja, kila mtu akaifanya kwa vifaa alivyorithi kwao. Hiyo sio kopi. Fundi seremala na mwashi wote wanaweza kukutengenezea benchi, lakini ukilipindua chini utajua nani katengeneza.

Vitu vingine wamefanana kweli, sikatai. Lile paji lililobinuka limejaa vyumba vya hewa vinavyorudi nyuma, na vipimo vya kompyuta alivyofanya Jack Tseng na Wang vimeonyesha umbo lile linasaidia kusambaza mkandamizo wakati taya linauma, nguvu ipite juu ya fuvu badala ya kukusanyika sehemu moja ikapasua. Fisi anayo. Na enameli ya meno ukiiangalia kwa darubini nyuzi zake zinapita zigizaga, zinapishana kama tabaka za plaiwudi, ili ufa ukianza usikimbie moja kwa moja. Fisi naye anayo. Mimi niliwahi kupasua gego kwa mfupa wa mbuzi, mfupa uliochemka supu masaa matatu, mlaini ule, na nikalala siku mbili nimeshika shavu, kwahiyo mtu akiniambia mnyama alikuwa anapasua paja bichi la farasi kila siku naelewa kwa nini jino linahitaji plaiwudi.

Lakini ushahidi mtamu kuliko fuvu ni mavi. Samahani kwa anayekula. Mwaka 2018 Wang na timu yake walichapisha uchunguzi wa vinyesi 14 vilivyogeuka mawe kutoka California, karibu na Turlock Lake, vya miaka kati ya milioni 5.3 na 6.4 iliyopita, na mvunja mifupa pekee aliyepatikana pale ni Borophagus parvus. Wakavipitisha kwenye skani bila kuvivunja, ndani wakakuta mifupa, vipande vya mifupa vimejaa, pamoja na kipande cha ubavu wa mnyama wa saizi ya swala mkubwa.

Kila mtu wa porini anajua kinyesi cha fisi, kinakauka kinakuwa cheupe kama chokaa, kwa sababu tumbo la fisi lina asidi kali inayoyeyusha mfupa mpaka unabaki unga tu. Vya Borophagus haviko hivo. Mfupa umeingia vipande umetoka vipande, kingo zimelainika kidogo tu, kama vya mbwa mwitu wa kijivu. Meno ya kuvunja anayo, tumbo la fisi hana, tumbo ni la mbwa. Mtu aliyekuwa anamwita fisi wa Marekani hapo inabidi anyamaze kidogo, maana nusu nzima ya kazi ya fisi inafanyika tumboni.

Cha pili, vinyesi vilikuwa vimekusanyika sehemu moja, na wachunguzi wakaona inaelekea walikuwa na choo cha pamoja, wanarudi palepale kuweka alama ya mipaka, tabia ya wanyama wa kikundi. Cha tatu ndo kikubwa. Huyo Borophagus parvus alikuwa na kama kilo 24, na mnyama aliyemla walimkadiria kilo 35 mpaka 100. Mbwa wa kilo 24 hamwangushi mnyama wa kilo 80 peke yake mara kwa mara. Anaangusha na wenzake. Unganisha choo cha pamoja na mlo wa kumzidi uzito, alafu niambie huyo ni mla mizoga mpweke.

Na hapa ndo nafikia ninachokiamini. Watu wanafikiri kuvunja mifupa ni alama ya umaskini, kwamba mnyama amekosa nyama ndo anagugumia mfupa, kama tunavyosema mtu kabakiza mifupa. Mimi naona kinyume. Kuvunja mifupa ni alama ya kula na watu. Mnyama mmoja ameanguka, mko sita au wanane, kila mmoja anajua nyama laini itaisha dakika kumi, na pembeni ameshasimama paka wa meno marefu au dubu-mbwa anawaangalia, hapo anayebaki na faida ni yule ambaye sahani yake haiishi nyama inapoisha. Ndani ya mfupa kuna uboho, mafuta matupu, na hauozi haraka wala tai hawezi kuufikia. Mabinadamu wa kale wa Olduvai waliujua huo utamu, karibu miaka milioni 2 iliyopita walikuwa wanapasua mifupa kwa mawe kutafuta uboho, na hakuna anayewaita maskini kwa hilo, tunawaita werevu.

Hata fisi mwenyewe anasingiziwa. Hans Kruuk aliyefuatilia fisi madoa Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960 alikuta sehemu kubwa ya chakula chao wanaua wenyewe, na kule kreta mara nyingi simba ndo walikuwa wanakuja kula walichoua fisi. Kwahiyo ukisema "fisi wa Marekani" ukimaanisha mla mizoga umewatukana wawili kwa pamoja.

Sisemi hawakula mizoga. Nani anaacha cha bure? Kule Nebraska kuna sehemu inaitwa Ashfall, Mike Voorhies aliona fuvu la mtoto wa kifaru limechungulia kwenye korongo pembeni ya shamba la mahindi mwaka 1971, wakaja kuchimba wakakuta vifaru kwa makumi, mama na watoto, farasi, ngamia, wamelala kuzunguka lililokuwa bwawa. Karibu miaka milioni 12 iliyopita volkano ililipuka upande wa Idaho, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pale, jivu likapeperushwa likawaangukia, wanyama wakalivuta kwenye mapafu wakafa polepole pale kwenye maji, wadogo kwanza wakubwa baadae. Na kwenye baadhi ya mifupa ya vifaru kuna alama za meno ya mbwa wavunja mifupa, na nyayo zao zimebaki kwenye jivu. Nikifikiria hiyo picha mwili unasisimka, kila kitu kijivu, kimya, vifaru wamelala, na mbwa mmoja anatembea juu ya jivu kuelekea mezani. Lakini karamu ya namna hiyo haiji kila wiki. Huwezi kujenga taya la miaka milioni kumi kwa kutegemea volkano.

Namna walivyowinda pia sio kama mbwa wa leo. Borja Figueirido na wenzake mwaka 2015 walipima viwiko vya mbwa wa kale, kwa sababu kiwiko kinakwambia mkono unaweza kugeuka kiasi gani, paka anageuza anakumbatia mawindo, mbwa wa leo hawezi, mguu wake umefungwa uende mbele na nyuma tu, wa kukimbia. Wakakuta mbwa wa mwanzo walikuwa na viwiko vinavyogeuka, wa kuvizia kwenye misitu, na kadiri nchi ilivyozidi kukauka na nyasi kutawala viwiko navyo vikabadilika, ila mkimbizaji wa kweli wa masafa, wa aina ya mbwa mwitu wa kijivu, amekuja mwishoni sana. Kwahiyo msiwaweke kina Epicyon kwenye picha wakikimbiza swala kutwa nzima kama mbwa mwitu wetu anavyofanya, hawakuumbwa hivo, walikuwa wazito wa mbele, wa mbio fupi na nguvu.

Swali ambalo huwa linanikosesha usingizi ni kwa nini hawakutoka. Miaka zaidi ya milioni 30, spishi zaidi ya 60, na hakuna hata mmoja aliyevuka kwenda Asia. Kusini walifika mpaka Amerika ya Kati basi. Wakati huohuo wale Caninae wadogo wadogo, waliokuwa wanaishi chini ya miguu yao, wakavuka daraja la Bering, ile ardhi iliyounganisha Amerika na Asia, kama miaka milioni 7 iliyopita na kutapakaa Ulaya, Asia na Afrika. Jibu langu, na ni maoni, ni kwamba kiti kilikuwa kimekaliwa. Ng'ambo ile kulikuwa na fisi wa kila namna, wavunja mifupa wa kuzaliwa, na mgeni anayekuja na ujuzi uleule hapokelewi. Na ukitaka kuona mambo yalivyo, angalia upande wa pili: katika fisi wote ni mmoja tu aliyewahi kuingia Amerika, Chasmaporthetes, na huyo sio mvunja mifupa, ni fisi mwembamba mwenye miguu ya kukimbia. Meno yake mawili kutoka Yukon, kaskazini kabisa mwa Kanada, yalitambuliwa 2019, kwahiyo njia ilipitika, alipita. Fisi aliyefanikiwa kuingia kwa mbwa ni yule asiyefanya kazi ya Borophagus, na mbwa waliofanikiwa kuingia kwa fisi ni wale wasiofanya kazi ya fisi.

Haya, kifo. Kuna maelezo mawili yanayopendwa. La kwanza ni la Blaire Van Valkenburgh na wenzake, mwaka 2004, kwamba mbwa wanakuwa wakubwa, wakiwa wakubwa wanakuwa wala nyama tupu, na wakishakuwa wala nyama tupu spishi zao hazidumu, wameingia kwenye korongo lisilo na njia ya kurudi. La pili ni la Daniele Silvestro na timu yake, 2015, waliohesabu visukuku vya spishi zaidi ya 100 wakasema hali ya hewa haikuwa muuaji mkuu, ushindani ndo uliua, paka walipofika walichangia kuwamaliza mbwa wa kale.

Hesabu zao siwezi kuzipinga, wanajua kuliko mimi. Ninachopinga ni tafsiri inayokuja kwenye vichwa vya habari, kwamba mtaalamu wa kitu kimoja hufa mapema na Borophagus alikuwa mtaalamu kwahiyo akafa. Mbona mfuatano haukubali? Angalia nani aliondoka kwanza. Wale wa matunda na wadudu waliondoka. Kina Aelurodon wakaondoka. Mwisho wa Mayosini, kama miaka milioni 5 iliyopita, Epicyon naye hayupo. Anayebaki mlangoni peke yake ni Borophagus, mwenye taya la kupindukia kuliko wote, na anakaa mpaka kama milioni 2 iliyopita. Ukihesabu tangu jenasi yake ilipoanza ni karibu miaka milioni 10. Spishi moja moja zilikuja na kupita, sawa, lakini ule ufundi wa kuvunja mifupa ndo uliobeba jina la nyumba mpaka siku ya mwisho. Kama huo ni mtego basi ulikuwa mtego wenye chakula kingi.

Mimi ningeangalia zaidi meza kuliko walaji. Kati ya miaka milioni 7 na 5 iliyopita nyasi ngumu zikatanda, vifaru wa Amerika Kaskazini wakaisha wote, farasi waliokuwa aina chungu nzima wakabaki wachache, ngamia vilevile. Mvunja mifupa anahitaji mizigo mikubwa ya mifupa kuanguka mara kwa mara. Meza ikipungua, baridi ikaja na zama za barafu, na paka na mbwa wakimbiaji wanagombania kilichobaki, hapo sihitaji kusema nani bora. Na walipoondoka kiti chao hakikukaliwa na mtu mwenye ujuzi uleule. Wale mbwa mwitu wakubwa wa zama za barafu waliokwama kwenye lami ya La Brea pale Los Angeles walikuwa wanatafuna mifupa, na meno yao yaliyovunjika wakiwa hai ni mengi, lakini plaizi hawakuwa nayo.

Kuna tarehe moja ambayo kila nikirudi kwenye habari hii inanishika. Vile vinyesi vya California ni vya miaka kati ya milioni 5.3 na 6.4 iliyopita. Huku kwetu, milima ya Tugen, Baringo, kwenye tabaka za Lukeino zenye umri wa kama miaka milioni 6, palepale alipopatikana Orrorin, mmoja wa wakongwe kabisa wa upande wa binadamu, amepatikana pia mbwa mdogo aliyepewa jina Eucyon intrepidus mwaka 2005, mmoja wa mbwa wa kwanza kabisa kuonekana Afrika. Ni saizi ya bweha, au chini yake. Kwahiyo kipindi kilekile Borophagus anarudi kwenye choo chake kuweka alama ya mpaka kule Turlock Lake, binamu yake mwembamba ambaye hakuna aliyemuogopa alikuwa keshafika Baringo, anatafuta panya kwenye majani, na fisi wako karibu.